Uwanja wa Katiba jijini Athens na suala la lugha ya umma

UKIPANDA ngazi kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi katikati ya Athens, unatokea kwenye uwanja wenye michungwa. Ng'ambo ya barabara limesimama jumba la bunge. Uwanja huo unaitwa Syntagma. Nilimuuliza mwenyeji wangu maana yake. "Katiba," akanijibu.

Basi nikaanza kulichambua neno. Si mnajua ada yetu walimu wa lugha! "Syn" ni pamoja, na sehemu ya pili inatokana na kitenzi cha kupanga. Letu, katiba, lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Kupanga kwao na kuandika kwetu kumezaa dhana ile ile.

Jina hilo halikutolewa bure. Jumba hilo lilijengwa liwe kasri la Otto, mwana wa mfalme wa Bavaria aliyeletwa na madola makuu kuwatawala Wagiriki. Alitawala bila katiba. Usiku wa kuamkia Septemba 3, 1843, askari wa Kanali Dimitrios Kallergis pamoja na raia walikusanyika chini ya madirisha yake. Otto akasalimu amri, na katiba ikapatikana 1844.

Mmoja wa waliosuka mpango huo ni Jenerali Makriyannis. Huyu bwana hakuwa na masomo ya kutajika. Alijifunza kuandika ukubwani ili asimulie vita vya uhuru, akaandika jinsi alivyosema. Serikali nayo ilishikilia katharevousa, Kigiriki "kilichosafishwa" ili kifanane na cha kale. Mkulima alikisikia kama lugha ya wageni.

Utasema, ah, hiyo ni lugha tu! Mwaka 1901 gazeti la Akropolis lilichapisha tafsiri ya Injili kwa Kigiriki cha mazungumzo. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana kuipinga. Watu wanane waliuawa, serikali ikaanguka. Kumbukumbu za Makriyannis zilichapishwa 1907, na baadaye George Seferis, mshairi aliyetuzwa Nobel 1963, alimsifu kuwa bingwa wa nathari ya Kigiriki. Hata hivyo, lugha ya umma ilisubiri hadi 1976 ndipo ikafanywa rasmi.

Piga hesabu, msomaji wangu. Wagiriki walipata katiba 1844, na lugha yao ikatambuliwa miaka 132 baadaye.

Sisi Wakenya tulitangulia hapo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini miswada inayofikishwa bungeni bado huandikwa kwa Kiingereza. Mama mboga atakayetozwa ushuru husubiri mtangazaji wa redio amfafanulie. Haki hiyo imekwisha kuandikwa. Kilichobaki ni kuitumia.