Iskandaria: Mnara Ulioanguka na Kasida Iliyobaki

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi wa Ramadhani, na tunamswalia Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, Qur'ani imetuamrisha tutembee katika ardhi tuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Usiku huu tutembee Iskandaria, mji wa Misri ulio ufukweni mwa Mediterania, tukimfuata msafiri tunayemjua: Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Kilwa na kuusifu ukarimu wa Sultani Al-Hasan bin Sulaiman.

Miaka mitano kabla ya Kilwa, mwaka 1326, alikuwa Iskandaria, kijana wa miaka 22. Alikwenda kuutazama mnara wa taa uliowaongoza mabaharia tangu karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Kimo chake kilipita mita 100. Lakini zilizala ya mwaka 1303 ilikuwa imekwisha kuutikisa, naye akaukuta upande mmoja umebomoka. Aliporejea mwaka 1349, mnara ulikuwa gofu, hata mlango wake haufikiki. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay akaanza kujenga ngome mahali pale pale, na mawe ya mnara yakaingizwa katika kuta zake. Ngome ile ndiyo wanayoitazama wageni leo.

Kutoka ngomeni, kwa mwendo wa miguu, tunafika msikiti wa Abul-Abbas al-Mursi. Huyu hakuwa mzaliwa wa mji: nisba yake ni ya Murcia, katika Andalusia. Alikuwa mwanafunzi wa Abul-Hasan al-Shadhili, ambaye tarika yake ina wafuasi hata Ngazija na Unguja. Alifundisha Iskandaria, akafa mwaka 1287. Hata jengo la sasa, lililoanzwa mwaka 1929, lilichorwa na mgeni: Mario Rossi, Mtaliani, ambaye baadaye alisilimu.

Jirani yake ni msikiti wa Imamu al-Busiri, mwanafunzi wa al-Mursi, naye ni mtu wa bara aliyehamia pwani. Alipopooza nusu ya mwili alitunga Burda, na mwenyewe amesimulia kuwa alimwota Mtume akimfunika joho lake, akaamka mzima. Hakuacha ngome wala mnara. Lakini Burda yake ingali inasomwa misikitini na majumbani kwetu, na Hamziya yake ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate.

Tuzingatie, ndugu zetu. Ajabu ya dunia imegeuka mawe ya ukuta, na maneno ya mtu mgonjwa yamevuka bahari mpaka Pate. Na walioupa mji ule heshima hii ya elimu walikuwa wahamiaji kama sisi.

Sisi twajenga nyumba makwetu, na twahesabu miaka ya kurejea. Hilo si kosa. Lakini watoto wetu wanakulia hapa. Je, tumewawekea darasa la Qur'ani na la lugha yetu litakalodumu baada yetu? Sadaka yenye kuendelea haiulizi mtu ni mwenyeji au mgeni.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, na aturuzuku elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.