Kunyauka

Friedrich Engels, mwanafikra wa ukomunisti, mwaka 1878 aliipa dola kitenzi cha Kijerumani, absterben, kinachosemwa juu ya tawi au kiungo cha mwili kinachokufa polepole. Kiswahili kina kunyauka, nami nakiona kinafaa kuliko kufutwa. Kufuta huhitaji amri, na amri huhitaji mtawala. Kunyauka huja kinachoilisha dola kikikatika, yaani mgawanyiko wa matabaka.

Evgeny Pashukanis, mwananadharia wa sheria wa Kisovieti, alilibeba neno hilo mpaka mwisho: katika kitabu chake cha 1924 alishikilia kuwa hata sheria itanyauka, kwa kuwa umbo lake limetokana na soko, muuzaji na mnunuzi wakikabiliana. Lakini Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, alitaka dola iimarishwe kwanza. Mwaka 1937 Pashukanis alikamatwa, akauawa. Mshambuliaji wake mkuu, Andrei Vyshinsky, ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Muungano wa Kisovieti.