Nani aliuza Pwani? Uzi kuhusu fleti za Kizingo na nyumba bila ardhi

UZI. Ni mrefu kidogo, vuta kiti.

Kila msimu wa siasa ukikaribia, mjadala wa ardhi ya Pwani hurudi na sentensi mbili zilezile. Ya kwanza: "Wageni wamenunua Pwani yote." Ya pili huijibu ya kwanza kabla hujameza mate: "Si Mpwani ndiye anauza mwenyewe? Auza shamba, anunua pikipiki, aoa mke wa pili." Nimezisikia redioni, nimezisikia vibarazani, na juzi wameniandikia chini ya uzi wangu mwenyewe uliokuwa unahusu bandari. Bandari jamani! Basi leo tuzungumze polepole. Sitaji mwanasiasa wala chama. Nyinyi mkitaja, shauri yenu.

Tuanzie Kizingo. Ukikaa pale Mama Ngina, Lighthouse, na mhogo wako wa pilipili mkononi, mbele yako ni bahari, na meli za Kilindini zinapita karibu mpaka waona baharia anavuta sigara. Ng'ambo ya mkondo ni Likoni. Nyuma yako ni Kizingo, na Kizingo siku hizi ghorofa zinapanda kila ukigeuka. Mabango yanauza fleti za likizo, fleti za kustaafu, mandhari ya bahari. Wanunuzi ni wa kila aina: mstaafu wa Nairobi aliyechoka na baridi ya Julai, Mkenya aliyeko Ulaya, jamaa zetu wa Ghuba wanaotaka pa kufikia wakija Idd, Mzungu anayekimbia theluji. Sina ugomvi na hata mmoja wao. Mtu amefanya kazi miaka thelathini, acha apumzike aone bahari.

Lakini hebu jiulize. Bahari ya Kizingo na bahari ya Likoni ni moja. Upepo ni mmoja, meli ni zilezile. Mbona bei ni mbingu na ardhi? Mtasema feri. Sawa, feri pekee yatosha kumchosha mtu. Mtasema barabara na usalama, sawa. Ila msikilize dalali yeyote mbele ya mnunuzi makini. Swali la kwanza la mnunuzi halihusu feri. Auliza: karatasi ni safi? Kizingo karatasi kwa kawaida ni safi. Ng'ambo, kila ekari ina hadithi, na kila hadithi ina watu ndani yake. Sehemu kubwa ya bei ya Kizingo ni bei ya karatasi.

Sasa hizo karatasi zilitoka wapi?

Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwapa Waingereza waendeshe ukanda wa pwani wa maili kumi, kwa malipo ya kila mwaka. Kwenye makaratasi Pwani ilibaki yake, na ndiyo maana bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus mpaka 1963. Bara ilikuwa koloni, huku ikaitwa himaya. Wengi hufikiri hii ni habari ya bendera tu, kumbe ndiyo mzizi wa kesi za leo. Bara mkoloni aliweza kutangaza ardhi yote kuwa ya Mfalme wa Uingereza na kuigawa apendavyo. Pwani alikuwa ameahidi kuheshimu mali za raia wa Sultani, kwa hiyo ilibidi kwanza ajue nani ana nini.

Ndipo ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Yeyote mwenye kudai ardhi ukandani alete dai lake, na ushahidi wake, kwa ofisa aliyewekwa, ndani ya muda uliowekwa. Akikubaliwa, apata hati. Ardhi isiyodaiwa yawa ya serikali.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Ardhi isiyodaiwa yawa ya serikali.

Nani angeweza kudai? Mwenye kujua kuna sheria mpya, mwenye maandishi au mashahidi wanaokubalika, mwenye wakili au hata nauli tu. Familia za Kiarabu na za Kiswahili zenye mashamba ya minazi, wafanyabiashara wa Kihindi, Wazungu. Mijikenda walishika ardhi kwa ukoo, na ukoo hauna sahihi. Halafu kuna watu ambao hatupendi kuwataja vibarazani: waliokuwa watumwa. Utumwa kwenye ukanda huu ulifutwa kisheria 1907. Mwaka mmoja baadaye mtu huyohuyo, ambaye juzi yeye mwenyewe alihesabiwa mali, aambiwa alete ushahidi wa mali yake. Alete nini?

Najua hapa nitapoteza marafiki wa Mji wa Kale. Tumezoea hadithi ambayo mwizi ni Mzungu, halafu mtu wa bara, na sisi wengine wote tumeibiwa sawasawa. Hapana. Hati za 1908 ziliingia pia kwenye masanduku ya nyumba zetu. Wapo waliopata kwa haki, shamba walilipanda babu zao. Wapo waliodai na shamba na kijiji kilichokuwa ndani yake.

Kizingo yenyewe ilikwenda njia nyingine. Upande huu wa kisiwa Waingereza waliuchagua kwa makazi ya maofisa wao: nyumba za veranda pana, hospitali ya Wazungu, kiwanja cha gofu cha kuangalia bahari. Ardhi ikapimwa mapema, ikaandikwa, ikawekwa mawe ya mipaka. Baada ya uhuru nyumba nyingi za serikali mijini ziliishia mikononi mwa watu binafsi kwa njia ambazo tume ya uchunguzi wa ardhi, kwenye ripoti yake ya 2004, iliziita haramu. Kwa hiyo hata ninaposema karatasi safi, elewa: safi maana yake hakuna mtu anayeishi juu yake akikudai. Uhalali wa ilivyopatikana ni swali jingine.

Uhuru ulipokaribia kulikuwa na waliotaka Mwambao ujitenge na waliotaka uungane na Kenya. Walioungana walishinda, na Oktoba 1963 serikali ya Kenya ikatoa ahadi kwa upande wa Zanzibar: uhuru wa dini, mahakama za kadhi, na hati za ardhi za Pwani zitambuliwe. Ahadi ya kadhi twaijua wote, iko mpaka kwenye katiba. Ile ya hati haizungumzwi sana, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Kenya mpya ilirithi orodha ya 1908 kama ilivyo. Zanzibar ilimaliza swali lake kwa njia nyingine kabisa: mapinduzi ya Januari 1964, ardhi yote mali ya serikali, wakulima wakapewa ekari tatu tatu. Sisemi hiyo ndiyo iliyokuwa dawa, damu iliyomwagika yajulikana. Nasema visiwa na ukanda vilivyokuwa chini ya Sultani mmoja vilitoka na majibu mawili yaliyopishana, na sisi jibu letu ni kutofungua faili.

Sasa turudi kwa "wageni wamenunua". Katiba ya 2010, Ibara ya 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Aliyekuwa na umiliki wa milele siku katiba inaanza, ulibadilika ukawa wa miaka 99, yaani unaisha 2109. Ukijificha nyuma ya kampuni haikusaidii: kampuni inahesabiwa raia ikiwa tu wenye hisa wote ni raia. Mexico wana katazo la aina hiyo tangu katiba yao ya 1917: mgeni hamiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, ndiyo maana wastaafu wa Kimarekani wanaonunua nyumba za ufukweni kule hupitia benki inayowashikia hati. Tanzania Bara nayo, Sheria ya Ardhi ya 1999: mgeni hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Kwa hiyo mwanasiasa akipanda jukwaani akaahidi kuwazuia wageni kumiliki Pwani milele, anaahidi kitu ambacho tayari kiko kwenye katiba. Anapigiwa makofi kwa kazi iliyofanywa 2010. Wala hakuna anayemuuliza juu ya mwenye hati ambaye ni raia halisi, ana kitambulisho, na hajakanyaga shamba lake tangu alipolirithi.

Na sentensi ya pili, "Mpwani ndiye anauza"? Kuuza kunataka hati. Hapa nitaleta habari ya nyumbani, maana bila yake nitakuwa napiga porojo.

Bibi yangu ana nyumba Likoni. Aliijenga na babu 1978. Ardhi si yake. Huu mpango wajulikana Mombasa nzima kwa jina la nyumba bila ardhi: wewe una nyumba, mwingine ana kiwanja, unalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Watu wa bara hushangaa, lakini kwa desturi ya Pwani, na kwa sheria ya Kiislamu pia, mnazi waweza kuwa wangu na udongo ukawa wako. Sheria ya Kiingereza ilikuja na fikra tofauti: kilichoshikamana na ardhi ni cha ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni, maelfu ya watu wanaishi katikati ya fikra hizo mbili.

Mwaka jana mkusanya kodi alimwambia Bibi asilete tena pesa, shamba limeuzwa. Ikaja barua ya wakili: miezi mitatu, abomoe achukue mabati yake. Tumeambiwa pana mpango wa nyumba za likizo. Mnunuzi huenda hajui kama Bibi yupo duniani. Aliangalia hati, akaona jina moja, akalipa. Kwenye hati hiyo nyumba ya miaka zaidi ya arubaini haionekani.

Nimefuatilia njia za kudai. Marekebisho ya sheria ya 2016 yaliwapa watu miaka mitano kupeleka madai ya dhuluma za kihistoria kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Nilipomuuliza Bibi kama aliwahi kusikia, akaniuliza tangazo lilibandikwa wapi. Dai, ushahidi, ofisa, muda maalumu. Mwaka 1908 ulikuja tena na ukapita tena.

Njia nyingine ni serikali kununua. Ng'ambo hiyohiyo ya Likoni kuna shamba la ekari 930 ambalo lilinunuliwa kwa shilingi bilioni 1.1, na hati zikaanza kugawiwa Januari 2016. Watu walishangilia, na wana haki ya kushangilia. Halafu wakaambiwa walipie viwanja. Hesabu hiyo mtaifanya wenyewe: wapangaji wa miaka mingi wanailipa serikali iliyomlipa mwenye hati.

Basi kampeni zikija na mgombea akataja wageni, muulizeni ya karibu zaidi. Mwenye nyumba bila ardhi atapata haki ya kwanza ya kununua shamba likiuzwa? Nyumba yake itaandikwa popote kabla ya mauzo? Mnunuzi wa fleti Kizingo sasa analindwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, apata hati ya fleti iliyo ghorofa ya nane, hewani kabisa. Ikiwa sheria imeweza kuandika hati ya hewa, itashindwaje na nyumba ya Bibi iliyo chini?

Wanasheria mlio humu, nirekebisheni nilipokosea. Wakili tuliyempata alitwambia risiti za kodi ndizo ushahidi wetu, tusipoteze hata moja. Bibi anazo zote, kwenye kopo la biskuti. Na kila tarehe tano bado anavaa buibui, anakwenda na pesa yake mpaka kwa mkusanya kodi, anakataliwa, anarudi.