Tonge na Pumzi: Hoja ya Kutumia Neno "Kupishana"

Wataalamu wa afya husema "uratibu wa kumeza na kupumua." Uratibu si kosa, ila ni neno la ofisini, halimwonyeshi mgonjwa kinachotokea kooni mwake. Neno linaloonyesha ni kupishana. Hewa na chakula hupita njia moja kwenye koromeo, kisha huachana. Tonge likifika hapo, pumzi husimama kwa takriban sekunde moja, zoloto hupanda na kujifunga, tonge likaingia kwenye umio. Mwenye afya aghalabu humeza akiwa anatoa pumzi, na akishameza huendelea kuitoa, hivyo mabaki yaliyo mlangoni mwa zoloto husukumwa nje. Ndivyo pantoni inavyofunga gati pale Feri, Dar es Salaam: wanaoshuka wapite kwanza, ndipo wa kwenda Kigamboni waingie.

Ugonjwa wa mapafu huvuruga zamu hiyo, kwa kuwa anayetweta hana nafasi ya kuzuia pumzi hata kidogo. Mwaka 2009, Roxann Diez Gross na wenzake nchini Marekani walilinganisha watu 25 wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa na 25 wasio nao. Wagonjwa walimeza chakula kigumu huku wakivuta pumzi mara nyingi zaidi. Hapo ndipo mtu hupaliwa, na chembe zikifika mapafuni huweza kuleta nimonia inayozidisha ugonjwa uleule. Moshi wa kuni ukivutwa kwa miaka mingi ni miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo sugu, kwa hiyo jambo hili linawagusa wakaanga samaki wa Feri wanaotumia kuni.

Itasemwa kwamba kupishana pia ni kukosana njiani au kutofautiana kauli. Ni kweli, lakini kwenye tonge na pumzi hakuna atakayeelewa hivyo. Itasemwa pia kwamba kila mtu hupaliwa. Naam, mara mojamoja. Kukohoa kila unapokunywa chai, au sauti kuwa na majimaji baada ya kula, ni dalili ya kumweleza daktari. Uratibu na ubaki kwa kazi ya shina la ubongo, linalopanga zamu. Mkaanga samaki aulizwe, "Ukila, tonge na pumzi vinapishana vizuri, au unapaliwa?" Swali hilo atalijibu bila kutafsiriwa.