SEHEMU YA 4: Watoto wa Momella, na watoto wa jirani

Leo siongelei chanjo, naongelea mlima wetu.

Ukimpeleka mwanao Hifadhi ya Arusha akaona twiga pale Momella, mwambie palikuwa shamba la familia. Mwaka 1907, enzi za Mjerumani, Margarete Trappe na mumewe Ulrich walihamia hapo, wakafuga. Watoto wao walikulia katikati ya farasi, ng'ombe na maziwa yenye heroe, nyati wakiwa majirani. Mama huyu alikuwa mwindaji hodari, lakini sehemu kubwa ya shamba aliitenga wanyama wasiguswe. Wamasai walimwita Yeyo, yaani mama. Mwaka 1960 hifadhi ilianzishwa, na baadaye Momella ikaingizwa humo.

Utoto mtamu eeh? Hata mimi niliutamani. Ila mama ukisimulia, usiishie hapo.

Jirani tu, Engare Nanyuki, watoto wa Kimeru nao walichunga mifugo na kucheza chini ya mlima huohuo. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwatoa kwa nguvu watu kama 3,000, nyumba zikachomwa, ardhi wapewe walowezi wa kizungu. Waliambiwa waende Kingori. Wengi waligoma, wakajibana kwa ndugu zao mlimani. Hebu fikiria una mtoto mchanga mgongoni siku hiyo.

Kirilo Japhet akasafiri hadi New York, na mwaka 1952 akaieleza Umoja wa Mataifa kilichowapata Wameru. Hakurudi na ardhi mkononi, lakini dunia ilisikia.

Kwa nini nesi anawaambia haya? Kwa sababu kila siku naona watoto waliotulizwa kwa simu, hawajui hata jina la mti ulio nje ya mlango wao. Mtoto anayecheza nje anakua vizuri, hilo halina ubishi. Lakini kupenda ardhi ni pamoja na kujua nani aliipenda kabla yako, na nani alinyang'anywa.

Basi Jumamosi hii zima simu, mtoe nje. Bibi au babu akiwepo, muulizeni: ninyi mlichunga wapi?

Mkipata jibu niandikieni hapo chini. Sehemu ya 5 nitaongelea maji ya Ngarenanyuki na meno ya kahawia. Usiku mwema, nawahi zamu.