Flavonoidi: Kinga ya seli za neva iliyomo katika mimea

FLAVONOIDI ni kemikali za asili zinazotengenezwa na mimea, na ndizo huyapa matunda na maua mengi rangi ya zambarau, nyekundu au manjano. Zaidi ya aina 6,000 zimetambuliwa. Vitunguu vina kwesetini, machungwa hesperidini, nayo majani ya chai yamejaa katekini.

Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliziita vitamini P mwaka 1936. Jina hilo liliachwa baadaye ilipobainika kuwa si vitamini.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Matumizi hayo huzalisha chembechembe haribifu zinazodhuru seli za neva, ambazo aghalabu zikifa hazizaliwi upya. Wataalamu wanaamini kuwa flavonoidi huchochea seli hizo kujitengenezea kinga, hutuliza uvimbe na huboresha mzunguko wa damu ubongoni.

Swali gumu ni iwapo zinafika huko, kwani ubongo una ukuta unaozuia vitu vingi vilivyomo katika damu. Kenya imechangia jibu. Chai ya zambarau aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa miaka mingi, ina wingi wa flavonoidi ziitwazo anthosianini. Katika utafiti uliochapishwa 2014, panya walipewa anthosianini za chai hiyo, nazo zikapatikana ndani ya bongo zao. Kiwango cha glutathioni, ambayo ni kinga ya seli, pia kilipanda.

Hata hivyo, panya si binadamu. Nchini Ufaransa, wazee 1,640 walifuatiliwa kwa miaka 10 tangu 1990, na waliokula flavonoidi kwa wingi walipungukiwa kidogo zaidi na uwezo wa akili. Lakini huenda mlaji wa matunda na mboga ana mazoea mengine mema yanayomfaa.

Hadi sasa hakuna flavonoidi iliyoidhinishwa kuwa tiba ya maradhi ya Alzheimer wala Parkinson. Mgonjwa asiache dawa za daktari kwa ahadi ya mchuuzi wa majani au vidonge. Aidha, chai inywewe saa moja hivi baada ya mlo, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutoka kwa chakula.