Kina Mama wa Lelemama na Barabara ya Bibi Titi

Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa kwa rangi za watu. Upande wa bahari walikaa Wazungu, nyuma yao yakafuata maduka na nyumba za Wahindi, kisha uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi makusudi, na ng'ambo yake Kariakoo, mji wa Waafrika. Leo uwanja huo umekaa kati ya Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, tarehe 7 Julai 1954, na Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mama huyo alizaliwa katika mji huu huu mwaka 1926. Barabara anaistahili. Lakini hakutembea peke yake, na walioandamana naye wanastahili kutajwa.

Kabla ya siasa kulikuwa na ngoma. Kina mama wa mjini walikuwa na vikundi vyao vya ngoma ya lelemama: Bomba, Submarine, British Empire na vingine. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, sare zake, michango yake na wapinzani wake wa kushindana nao. Titi alikuwa mwimbaji wa Bomba. Wageni waliotazama waliona wanawake wanacheza, basi. Hawakuona kwamba humo mlikuwa na uongozi, mfuko wa fedha, na njia ya kufikisha habari nyumba hadi nyumba bila kuandika barua. Mtu akifiwa, kikundi kilifika. Akioza mwana, kikundi kilifika.

Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka Chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Schneider Plantan, mzee wa mjini na mwanachama hodari, akaenda kwa Boi Selemani, mumewe Titi, kumwomba amruhusu mkewe aingie katika kazi ya chama. Boi alikuwa na kadi namba 15, Titi namba 16. Titi alipokubali, hakuanza kwa hotuba. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, mmoja baada ya mwingine, akazungumza nao, nao wakazungumza na watu wao. Tarehe 8 Julai mwaka huo kina mama walijaa katika ukumbi wa Arnautoglu, ule ambao wenyeji wanauita Anatoglo, palepale Mnazi Mmoja, na sehemu ya wanawake ya TANU ikazinduliwa. Kabla ya mwaka kwisha wanachama wanawake walihesabiwa kufika 5,000.

Wasomi wengi wa wakati ule walikuwa na hofu, na haikuwa hofu ya bure. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na siasa. Karani aliyeonekana na kadi angepoteza mshahara. Muuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Mpika pombe, muuza maharage, mwenye chumba cha kupangisha, hawa walikula jasho lao wenyewe. Ndio walionunua kadi, wakauza kadi, wakawapokea wageni wa chama majumbani mwao na kuwalisha. Akina Tatu binti Mzee, mwenzake Titi wa tangu mwanzo, walifanya kazi hiyo pasipo mshahara. Ningeulizwa nani aliifanya TANU kuwa chama cha umma hapa mjini, ningeanza na hawa.

Uhuru ulipopatikana, Bibi Titi akawa mbunge na waziri mdogo. Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), yeye akiwa mwenyekiti wa kwanza, na mwezi Julai mwaka huo huo wanawake wa Afrika walikutana Dar es Salaam na kuanzisha umoja wao wa bara zima. Kisha mambo yakageuka. Uchaguzi wa 1965 alishindwa. Azimio la Arusha la 1967 lilikataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu uongozi wa chama. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyotaka ndoa zisajiliwe na waoanao waridhie wenyewe, na ambayo UWT iliiunga mkono, ilipita yeye akiwa gerezani. Alitoka kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Wengi waliokuwa wakijaa barazani kwake hawakurudi.

Miaka mingi jina lake lilisemwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, lilianza tena kutajwa hadharani kwa heshima, naye akiwa hai kusikia. Alifariki Novemba 2000.

Wenzake wa lelemama nao wamekwenda. Nyumbani kwenu Kariakoo, Ilala au Temeke huenda lipo sanduku la bibi lenye kadi ya TANU, kanga ya sare au picha ya kikundi. Lifungue leo, na nyuma ya kila picha andika majina ya waliomo kabla hajaondoka anayeyajua.